Aliulizia ufunguo wa nyumba

Asubuhi ya Jumanne, Novemba 21, 2017, mwanamke mmoja wa Kibiti, mkoani Pwani, alikuwa shambani wakati gari jeupe aina ya Toyota Land Cruiser lilipofika na kusimama. Ndani yake alikuwamo mumewe, Azory Gwanda, pamoja na watu wanne ambao mama huyo hakuwafahamu. Mazungumzo hayakuwa marefu. Mume alitaka kujua ufunguo wa nyumba umewekwa wapi, akaelekezwa. Akasema amepata safari ya dharura na kwamba atarudi kesho. Gari likaondoka.

Hayo ni maelezo ya mkewe, aliyoyapeleka polisi na baadaye kwa gazeti ambalo mumewe alikuwa akiliandikia. Aliporudi nyumbani alikuta vitu vimepekuliwa na kutupwa huku na huku. Kesho ikafika, ikapita. Tangu hapo hakuna aliyejitokeza hadharani kusema amemwona Azory, akiwa hai au akiwa maiti.

Nimelifikiria sana lile swali la ufunguo, kuliko hata gari lenyewe. Gari jeupe lingeweza kuwa la yeyote: la mradi wa maji, la halmashauri, la jeshi la polisi, la shirika, la mnunuzi wa korosho. Barabara ya kusini imejaa Land Cruiser nyeupe, na ndiyo maana kuitaja rangi yake hakumsaidii sana mpelelezi. Ufunguo ni jambo lingine. Aliyeishi mji mdogo anajua kuwa nyumba yenye ufunguo mmoja ina siri inayojulikana na watu wawili: upo chini ya ndoo, juu ya kenchi ya banda la kuku, au kwa jirani. Mtu aliyepata safari ya dharura hupita nyumbani akachukua nguo na chaja ya simu, kisha akatafuta namna ya kumuaga mwenzake. Huyu alipitia shambani kwanza, na wageni wanne, kuulizia ufunguo. Tukio hilo unaweza kulisoma kwa namna mbili au tatu. Mimi nalisoma kwa namna moja, lakini usomaji wangu si ushahidi, na nitajitahidi kubaki upande wa yale yaliyosemwa na yaliyoandikwa.

Azory alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi na The Citizen, magazeti ya kampuni moja. Msomaji wa mjini huenda asijue neno hilo "kujitegemea" lina uzito gani katika kazi yetu. Mwandishi wa wilayani kwa kawaida hana mshahara, analipwa kwa stori iliyotoka. Ofisi yake ni simu, daftari na kijiwe pale katikati ya mji ambapo watu wanajua watamkuta. Anamjua mtendaji wa kata, mganga mkuu wa wilaya na mama lishe wa stendi, nao wote wanamjua. Kwa mhariri aliyeko Dar es Salaam, faida yake ni hiyo hiyo ya kujulikana. Hatari yake pia imekaa hapo hapo. Mwandishi wa makao makuu akiudhi watu Kibiti, jioni yuko Tabata anakunywa chai. Mwandishi wa Kibiti atakutana na aliyemwandika kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

Siku ile alichukuliwa, kwa maelezo yaliyotolewa, kutoka katikati ya mji, mahali watu walipozoea kumwona.

Na jambo la kuudhi lilikuwepo, tena kubwa. Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya kusini unapita Mbagala, Vikindu na Mkuranga, halafu mikorosho na minazi inakusindikiza hadi Kibiti, kabla ya Ikwiriri na Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji. Ni nchi ya Wandengereko, nchi ya mpunga na korosho, na kule delta ni mikoko na maji. Wasafiri wa Lindi na Mtwara wengi wanaijua kwa dirisha la basi tu. Kuanzia 2015, na kwa kasi ya kutisha kati ya 2016 na katikati ya 2017, nchi hiyo ikageuka. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, makada wa chama tawala na askari polisi walianza kuuawa mmoja baada ya mwingine, wengi kwa risasi, wengi usiku. Aprili 13, 2017, askari polisi wanane waliuawa kwa mkupuo mmoja katika shambulio la kuvizia eneo la Jaribu, na silaha zao zikachukuliwa. Magazeti yalihesabu karibu watu 40 waliouawa katika wilaya za Kibiti, Mkuranga na Rufiji. Serikali ikaanzisha kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji, pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku, na operesheni ikaingia vijijini. Wauaji hasa walikuwa nani na walitaka nini, umma haukuelezwa ukaeleweka. Mwananchi wa kawaida akajikuta anaogopa pande mbili kwa wakati mmoja: wanaokuja usiku kuua, na wanaokuja mchana kuwatafuta wauaji.

Azory alikuwa akiandika kutoka ndani ya hofu hiyo, siyo kwa kupita.

Ilichukua zaidi ya wiki mbili habari ya kutoweka kwake kuwa habari ya taifa. Desemba 2017 kampuni ya Mwananchi iliita wanahabari na kutangaza kwamba mwandishi wake hajulikani alipo. Polisi wakasema wanachunguza. Si yeye wa kwanza. Novemba 2016 alikuwa ametoweka Ben Saanane, msaidizi wa Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo. Julai 2017 akatoweka Simon Kanguye, mwenyekiti wa halmashauri ya Kibondo, mkoani Kigoma. Kwa hiyo ndani ya takriban mwaka mmoja walikosekana msaidizi wa mwanasiasa wa upinzani, kiongozi wa halmashauri na mwandishi wa habari, kutoka pembe tatu za nchi, na majina yao yakazoeleka kutajwa pamoja bungeni na mitandaoni kama vile ni ndugu.

Hapa lugha yenyewe inatakiwa kuangaliwa, kwa sababu kesi ya mtu asiyeonekana huishi ndani ya maneno kwa kukosa mahali pengine pa kuishi. Mtu wa kwanza kuulizwa atasema fulani "amepotea". Kupotea ni kitenzi cha ajabu. Mbuzi hupotea, ufunguo hupotea, mtoto hupotea sokoni. Hakihitaji mtenda, jambo linatokea lenyewe kama dimbwi linavyokauka. Ukimtaka mtenda sharti unyambue: kupoteza, kupotezwa. Mwaka ule mitaani watu walianza kusema fulani "kapotezwa", kwa sauti ya chini, na herufi hizo mbili zilizoongezeka zilibeba mashtaka mazima. Magazeti hayakuweza kuifuata mitaa huko. Mhariri akichapa "kapotezwa" lazima awe na jibu la nani kampoteza, na mwanasheria wa kampuni atakuwa mlangoni kabla ya wino kukauka. Kwa hiyo tukakimbilia "kutoweka", neno lenye heshima kidogo, lakini nalo ni tabia ya moshi na ukungu.

Ndipo likatamba neno "wasiojulikana". Mwanzoni lilikuwa lugha ya kawaida ya taarifa ya polisi, kwamba watu wasiojulikana walivunja duka. Septemba 7, 2017, mbunge wa upinzani Tundu Lissu alipopigwa risasi Dodoma mchana kweupe, waliompiga walikuwa watu wasiojulikana. Kufikia mwisho wa mwaka huo "watu" lilikuwa limedondoka njiani, likabaki "wasiojulikana" peke yake, kama unavyosema wavuvi au wakulima. Watoto walilitumia kwenye michezo. Wachekeshaji walilitumia jukwaani. Neno linalosema hatuwajui likawa jina la kundi, na kila aliyelitamka alikuwa na picha yake kichwani. Sidhani kama Baraza la Kiswahili liliwahi kukutana na nomino ya namna hiyo.

Kuna na suala la nyakati. Mwalimu wako wa Kiswahili alikufundisha kwamba "-li-" ni wakati uliopita na "-me-" ni hali timilifu, pengine ukayaandika daftarini bila kuyafikiria. Ukisema mgeni amelala, bado yuko kitandani. Ukisema alilala, huenda sasa hivi yuko stendi. Habari za mwanzo zilisema Azory ametoweka. Zipitie za miaka iliyofuata, utaona "-me-" inaondoka taratibu na "-li-" inachukua nafasi: mwandishi aliyetoweka, aliyekuwa akiandikia gazeti fulani. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Ni mkono tu unazoea.

Sheria ya kimataifa iko upande wa "-me-". Mkataba wa Kimataifa wa Kuwalinda Watu Wote dhidi ya Kutoweshwa kwa Nguvu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2006 na kuanza kutumika Desemba 2010, unakuchukulia kutoweshwa kama kosa linaloendelea. Halikutendeka siku ile likaisha, linatendeka kila siku ambayo hatima ya mtu haijaelezwa. Mkataba huo unahusu matukio ambayo mkono wa dola umeshiriki au umeyafumbia macho, na kwa Azory hilo halijathibitishwa na mahakama yoyote wala tume yoyote. Tanzania iliutia saini 2008. Haijauridhia. Kenya nayo imetia saini tu.

Lakini ukitaka kuona jinsi kitenzi kimoja kinavyoweza kumfanyia mtu mambo, rudi Julai 2019. Profesa Palamagamba Kabudi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, alikuwa akihojiwa na BBC. Akiulizwa kuhusu Azory, alimweka miongoni mwa watu ambao, katika machungu yaliyoipata Rufiji, walitoweka na kufa. Alisema hivyo katikati ya sentensi ndefu, kwa mwendo ule ule wa sauti. Miezi ishirini serikali ilikuwa ikisema uchunguzi unaendelea, na sasa waziri wake alikuwa ametaja kifo, hewani, kwa Kiingereza, kabla familia haijaambiwa chochote. Zogo likazuka. Muda si mrefu ikaja kauli nyingine: waziri ameeleweka vibaya, hakumaanisha kwamba amethibitisha kifo, na serikali haijui kama Azory yu hai au amekufa.

Nilipata kumuuliza mzee mmoja wa jirani yetu, mtu wa maneno machache, anaionaje kauli hiyo ya pili. Akasema: "Waziri kamuua Jumatano, kamfufua Alhamisi. Yesu mwenyewe alichukua siku tatu." Nilicheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka.

Miezi kadhaa kabla ya hapo, Novemba 2018, wafanyakazi wawili wa Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari yenye makao yake New York, Angela Quintal na Muthoki Mumo, walikuja Dar es Salaam, na kesi ya Azory ilikuwa miongoni mwa yaliyowaleta. Maofisa waliwafuata hotelini usiku, wakachukua pasi zao za kusafiria na simu, wakawahoji kwa saa kadhaa. Waliachiwa na kuondoka nchini. Maelezo rasmi yalihusu aina ya kibali walichoingilia. Sina ugomvi na sheria za uhamiaji. Naona tu kwamba waliokuja kuuliza alipo mtu aliyechukuliwa na watu asiowajua mkewe, walipatikana haraka sana.

Na haraka hiyo inawezekana. Tuliiona. Oktoba 11, 2018, mfanyabiashara Mohammed Dewji alitekwa alfajiri mbele ya hoteli moja Oysterbay alikokwenda kufanya mazoezi. Barabara ziliwekewa vizuizi, mipaka ikaangaliwa, kamera zikapitiwa, mawaziri na makamanda wakazungumza na vyombo vya habari karibu kila siku, familia ikatangaza zawadi ya shilingi bilioni moja. Oktoba 20 alipatikana viwanja vya Gymkhana. Nilifurahi kama walivyofurahi wengine, na sina neno baya juu ya juhudi zile. Zilikuwa ndizo zinazotakiwa. Tajiri ana kamera mlangoni, ana msemaji, ana watu wa kupiga simu kwa wakubwa. Mwandishi wa Kibiti ana mke aliyekuwa shambani.

Mambo haya si ya Tanzania peke yake, na kesi ninayoiona kuwa pacha wa hii iko jirani. Julai 22, 2016, Jean Bigirimana, mwandishi wa gazeti la Iwacu la Bujumbura, alitoka nyumbani baada ya kupigiwa simu. Alikuwa akielekea Bugarama, mkoani Muramvya, pale juu milimani kwenye soko la mboga ambalo kila anayesafiri kutoka Bujumbura kwenda ndani anasimama kununua karoti na kabichi. Hakurudi. Tofauti na Kibiti, hapa wenzake wa chumba cha habari hawakusubiri. Waliingia barabarani wenyewe, wakahoji wakazi, wakashuka makorongo hadi Mto Mubarazi, na mwanzoni mwa Agosti ikapatikana miili miwili majini, mmoja hauna kichwa, mwingine umefungiwa mawe. Miili ilikuwa imeharibika. Mkewe akaitwa kuitambua.

Jaribu kukaa mahali pa mama yule. Akisema ndiye, anapata kaburi na anapoteza mume. Akisema siye, anaendelea kuwa na mume asiyeonekana. Aliangalia, akasema siye, si huyu wala si yule. Baadaye alitishiwa, akalazimika kuikimbia nchi na watoto wake. Iwacu iliendelea kuichapa picha ya Jean na kuuliza aliko.

Naitaja Burundi kwa sababu moja zaidi. Waandishi wa Iwacu walifanya kile ambacho sisi, waandishi wa Tanzania kwa ujumla wetu, hatukukifanya. Tuliandika taarifa, tukavaa fulana, tukaweka alama ya reli na jina lake mtandaoni. Wangapi tulipanda basi tukashuka Kibiti, tukakaa wiki, tukauliza nyumba kwa nyumba gari lile lilielekea upande gani? Nilipita Kibiti kwa basi mara tatu katika miaka miwili iliyofuata, nikielekea Lindi kwa shughuli nyingine. Kila mara basi lilisimama dakika kumi. Nilinunua korosho kupitia dirishani.

Turudi kwa mwanamke wa shambani. Kiswahili kina neno kwa karibu kila hali ya ndoa. Kuna mke, mchumba, mjane, mtalaka, mke mwenza, kuna hata kizuka, yule aliye ndani ya eda anayekaa bila kujipamba. Hatuna neno la mke wa mtu aliyetoweka. Wanazuoni wa fiqhi wanalo la mume, wanamwita mafqudi, na wamebishana juu ya mkewe kwa zaidi ya miaka elfu. Katika madhehebu ya Maliki, mke akishafikisha shauri kwa kadhi husubiri miaka minne, kisha hukaa eda ya miezi minne na siku kumi kama mfiwa, halafu yuko huru. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yameenea mwambao wetu, katika kauli yake ya baadaye alishikilia kwamba asubiri hadi kifo cha mumewe kiwe na uhakika. Ukali wa kauli hiyo ndio uliowafanya makadhi wengi watafute mlango wa faskhi, kuvunja ndoa kwa sababu mke hapati matunzo. Siisemei familia ya Azory dini yake. Nasema tu kwamba tatizo lake ni la zamani kuliko magari meupe.

Sheria ya nchi nayo ina hesabu yake. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inasema mtu asiyesikika kwa miaka mitano kwa wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake, basi mzigo wa kuthibitisha kuwa yu hai unamwangukia anayedai hivyo. Kenya ni miaka saba. Kwa kipimo hicho, Novemba 21, 2022 ilikuwa siku ya kisheria kwa Azory, ingawa haikutangazwa popote. Mke anaweza kwenda mahakamani akaomba mumewe ahesabiwe amekufa. Lakini angalia kinachotakiwa. Ni yeye atakayepanda kizimbani kusema, kwa kiapo, kwamba anaamini mumewe hayupo tena. Dola iliyoshindwa kumtafuta haipeleki ombi hilo. Waliomchukua hawapeleki. Anayelipeleka ni yule ambaye kila akisikia gari linapunguza mwendo nje anasimama.

Wengi hawaendi. Wakili yeyote wa masuala ya mirathi atakwambia kuhusu nyumba zilizokaa miaka kumi bila hati kubadilishwa, akaunti ambazo benki haifungui wala haifungi, viwanja ambavyo ndugu wa mume wameshaanza kuvipima kwa macho. Kisirani kidogo cha kila mwezi. Mazishi yanatuliza kwa sababu yana taratibu: watu wanakuja, turubai linafungwa, wapo wa kupika, wapo wa kuandika michango, na mwisho kuna siku ya kuondoa tanga. Enzi za Radio Tanzania kifo kilikuwa na wakati wake maalumu hewani, jina la marehemu, la anayesikitika kutangaza, kisha mlolongo wa ndugu wapewe habari popote walipo. Nyumba nzima ilinyamaza kusikiliza. Kutoweka hakukuwa na kipindi. Huku kwetu Ziwa Victoria, Wajaluo walijua ubaya wa hali hiyo, ndiyo maana badala ya mtu asiyepatikana mwili wake huzikwa tunda la yago, lile refu zito la mwegea linaloning'inia kama soseji. Linavishwa, linalazwa kaburini, watu wanalia. Baada ya MV Bukoba kuzama Mei 1996 na miili mingi kubaki majini, wapo waliokumbuka mila hiyo ambao walikuwa wameiacha zamani.

Lakini tunda linazikwa ukishakubali. Kwa aliyeambiwa na waziri kwamba kafa, kisha akaambiwa haijulikani, nani atakwenda kuliangua?

Orodha nayo haikukaa pale. Agosti 2024, Chama cha Wanasheria wa Tanganyika kilitoa majina ya watu 83 waliotekwa au kutoweka katika mazingira ya kutatanisha kwa miaka kadhaa. Mwezi huo huo, Agosti 18, alichukuliwa Deusdedith Soka, kijana wa Chadema wa Temeke, pamoja na wenzake wawili. Oktoba 2025 ikawa zamu ya Humphrey Polepole, mtu aliyekuwa mwenezi wa chama tawala na baadaye balozi nchini Cuba, ambaye miaka ya nyuma hakuna mtu angemdhania kwenye orodha ya namna hii. Kila jina jipya linalisukuma la Azory chini kidogo. Vijana wanaoanza kazi ya uandishi sasa, wengine walikuwa darasa la saba mwaka ule. Nimekutana na mmoja aliyeniuliza kama Azory ni jina la kampeni.

Wakati gari lile linasimama shambani, mke wa Azory alikuwa mjamzito. Mtoto alizaliwa baba hayupo. Hesabu za kawaida zikienda sawa, mwishoni mwa miaka ya 2030 atakuwa anaomba mkopo wa chuo, na Bodi ya Mikopo, kama haitakuwa imebadili utaratibu, itamuuliza habari za wazazi. Mwenye baba hai hujaza jina la baba na kazi yake. Aliyefiwa huambatisha cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA. Nimeiangalia fomu ya namna hiyo mara mbili, nikitafuta mahali pa tatu pa kujaza.

Labda kufikia wakati huo patakuwepo. Labda mtu mmoja kati ya wale wanne atakuwa amezeeka, amechoka, ameamua kusema gari lilikwenda wapi baada ya kutoka Kibiti na lilikuwa na mafuta kiasi gani. Watu wanne ni wengi kutunza jambo moja. Wana wake, wana madereva wenzao, wana mapadri na masheikh. Yupo mahali fulani aliyekuwa usukani, na barabara aliyoshika anaikumbuka.

Novemba 21, 2017 ilikuwa Jumanne. Kesho aliyoisema Azory ilikuwa Jumatano ya tarehe 22.